Saladi ya kuku na matunda kwa mwenye kisukari na presha, hatua kwa hatua

Maswali kuhusu saladi hii hayabadiliki. Nikiipeleka kwenye kikao cha familia au cha jumuiya hapa Moshi, lazima atokee mtu wa kunivuta pembeni: "Dada, mimi nina sukari. Hayo matunda nami naruhusiwa?" Mwingine anataka kujua kama kuku ni lazima awe wa kienyeji. Mwingine hajawahi kuona saladi ya kuku isiyo na mayonezi na haamini kama italika. Nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukimaliza kusoma uingie jikoni.

La matunda nalitanguliza kwa sababu ndilo linalowatisha wengi. Mwenye kisukari anakula matunda. Anachotakiwa ni kuyapima, kuyatafuna badala ya kuyanywa kama juisi, na kuyala pamoja na chakula chenye protini, nyuzinyuzi na mafuta mazuri ili sukari ipande polepole. Saladi ya kuku inakupa hayo yote kwenye bakuli moja. Mara nyingi inaharibiwa na vitu vitatu ambavyo watu hawavitazami: sosi ya chupa, chumvi, na mkono unaomimina matunda bila kikombe.

Kwanza hakikisha inakufaa

Saladi hii ina wanga kidogo, na hilo lina hatari yake. Kama unachoma insulini kabla ya kula, au unameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, kisha ukala sahani hii peke yake kwa dozi ile ile uliyozoea kulia ugali au wali, sukari inaweza kushuka mno. Utaona mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia, kichwa hakitulii. Kwa hiyo usiifanye kuwa mlo mzima bila kuongeza wanga wa kupima pembeni (utaona kwenye hatua ya 9), na dozi usiipunguze wala usiiongeze mwenyewe. Siku ya kliniki, iwe KCMC, Mount Meru au kituo cha afya cha karibu, mwambie daktari au muuguzi kwamba umeanza kula hivi.

Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie kabla ya kuuliza. Parachichi lina potasiamu nyingi na kuku ana protini nyingi, na figo zilizochoka huweza kushindwa kuvimudu vyote viwili.

Mahitaji ya watu 4

- Kidari cha kuku bila ngozi wala mfupa, gramu 500
- Mtindi usio na sukari, nusu lita
- Parachichi 1 kubwa lililoiva
- Tufaa 1 la wastani (wauzaji wengi wanaliita epo)
- Papai lililokatwa vipande vidogo, kikombe 1
- Tango 1 kubwa, karoti 1, pilipili hoho 1, kitunguu maji nusu
- Majani ya saladi, fungu 1, au robo ya kabichi changa
- Giligilani, kishada kimoja
- Karanga zilizokaangwa bila mafuta wala chumvi, vijiko 3 vya mezani
- Ndimu 2
- Kitunguu saumu punje 2, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili manga
- Chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kazi nzima

Vyombo: sufuria yenye mfuniko, bakuli kubwa, kisu kikali, mbao mbili za kukatia (moja ya nyama na nyingine ya mboga), kitambaa cheupe safi au chujio la wavu mdogo, na kikombe cha kupimia cha mililita 250. Huna kikombe cha kupimia? Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza maji, gawa mara mbili sawasawa kwenye vikombe viwili vya nyumbani, kisha weka alama pale maji yalipofika. Usikadirie kwa macho. Kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa na mililita 350 au zaidi, na hapo kipimo chako cha papai kimeshavuka.

Sokoni

Moshi utapata karibu kila kitu Mbuyuni au Soko Kuu. Arusha nenda Soko Kuu au Kilombero, na kama uko upande wa Usa River subiri gulio la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, ambako mboga zinashuka zikiwa bado na umande wa shambani.

Parachichi usilichague kimya kimya. Mwambie muuzaji siku utakayolila: "Mama, naomba la kula leo jioni." Akina mama wanaouza wanalijua kwa kulishika tu, na watakupa la leo au la keshokutwa. Ukilichagua mwenyewe, bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Likibonyea kidogo limeiva. Usilibonyeze tumboni, unaliacha na doa jeusi ndani hata kabla hujalinunua.

Papai nunua lililoiva lakini bado lina ugumu. Lililolegea linafaa kwa kijiko, ndani ya saladi litasagika. Matufaa ya sokoni mengi yanatoka Afrika Kusini. Chagua la kijani au jekundu lenye ugumu, na usilimenye, kwa sababu sehemu nzuri ya nyuzinyuzi iko kwenye ganda.

Kwenye mtindi watu wengi hukosea bila kujua. Yogati za dukani zenye ladha ya vanila au stroberi zimeshatiwa sukari, hata kama kopo lina picha ya mtu anayefanya mazoezi. Geuza kopo, soma viambato: ukiona sukari kwenye majina ya mwanzo, rudisha. Unachotaka ni mtindi wa kawaida, ule mchachu. Ukiununua kwa mama wa maziwa wa mtaani, uliza kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na maradhi mengine, na saladi hii haipikwi tena.

Karanga zichambue punje moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye ladha chungu itupe, kwa ajili ya sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga.

Kienyeji au wa kisasa? Kwa saladi hii nachagua kidari cha kuku wa kisasa, na sababu ni ya jikoni tu: kinaiva haraka, ni laini, kinachambuka vizuri. Kuku wa kienyeji ana ladha zaidi na kama unaye mtumie, lakini jiandae kumchemsha saa moja hadi saa moja na nusu, na jogoo mzee hata zaidi. Kwa moyo wako, tofauti kubwa inatoka kwenye ngozi na kwenye mafuta ya kukaangia. Kienyeji aliyekaangwa na ngozi yake hakishindi kwa faida kidari cha kisasa kilichochemshwa bila ngozi. Kidari cha namna hiyo kina kama gramu 31 za protini kwa kila gramu 100, na wanga hakina kabisa.

Hatua za kazi

1. Chuja mtindi. Fanya hivi usiku wa kuamkia siku ya kula, au angalau saa 2 kabla. Tandika kitambaa safi juu ya chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika, weka kwenye friji. Maji ya kijani-manjano yatashuka chini na juu utabaki mtindi mzito kama kikombe kimoja. Hatua hii ndiyo inayokuokoa na mayonezi. Mayonezi kijiko kimoja tu cha mezani ina kama gramu 10 za mafuta na kalori zinazokaribia 100, na saladi ya watu wanne hutumia vijiko vingi. Ukiruka kuchuja, sosi itakuwa maji na utashawishika kurudi kwenye chupa.

2. Osha mboga na matunda. Tumia maji yanayotiririka, na yale utakayokula mabichi yasuuze mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa kwa kidonge. Majani ya saladi yatenganishe moja moja, mchanga hujificha kwenye shina. Papai na parachichi nayo yaoshwe kabla ya kukatwa, ingawa ganda haliliwi. Kisu hubeba uchafu wa nje kuuingiza ndani. Kausha majani kwa kitambaa hadi yasidondoshe maji.

Siki au chumvi kwenye maji ya kuoshea havifanyi kazi ya maji salama. Usivitegemee hivyo.

3. Chemsha kuku. Najua wengi tumelelewa kuosha kuku kwa maji mengi na ndimu. Maji ya bomba yakipiga kwenye nyama mbichi hurusha matone yenye vijidudu hadi kwenye sinki, kwenye vyombo, na kwenye yale majani uliyokwisha kuosha. Moto ndio unaoua vijidudu. Kama kuna damu au manyoya, vifute kwa karatasi ya jikoni. Na kama lazima umsuuze, fanya ndani ya bakuli taratibu, kisha osha bakuli, sinki na mikono kwa sabuni.

Weka kidari kwenye sufuria, mimina maji baridi yamfunike kwa vidole viwili. Tia nusu ya tangawizi iliyopondwa, punje 1 ya kitunguu saumu, pilipili manga, na chumvi robo kijiko cha chai. Usitie kyubu ya supu wala viungo vya pakiti. Vingi vimejaa chumvi. Washa moto. Yakianza kuchemka, punguza moto hadi uone mapovu madogo tu yakipanda taratibu, funika. Kidari cha unene wa kawaida kinahitaji dakika 15 hadi 20 tangu hapo.

Walio Arusha waongeze dakika chache. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka karibu nyuzijoto 95 badala ya 100. Moshi tuko chini zaidi, tofauti ni ndogo. Kwa kidari utaiona kidogo tu, ila kwa kienyeji na maharage utaiona wazi.

Kagua kwa kukata sehemu nene kuliko zote: nyama iwe nyeupe hadi katikati, maji yanayotoka yawe meupe bila wekundu. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzijoto 74.

Kosa la kawaida: kuacha moto mkali ukidhani ataiva upesi. Maji yakitokota kwa nguvu, kidari kinakaza na kukauka kama kamba, na sosi yoyote haitakirudisha.

4. Poza, kisha chambua. Zima moto, mwache kuku kwenye supu yake dakika 10, halafu mtoe kwenye sahani safi (usirudishe kwenye ile iliyobeba nyama mbichi). Akishapoa kiasi cha kushikika, mchane kwa vidole kufuata nyuzi zake, au mkate vipande vya ukubwa wa punje ya njegere kubwa. Mimi napenda kumchana, kwa sababu sosi inashika vizuri zaidi. Mtie kwenye friji hadi awe baridi kabisa. Supu usiimwage. Iweke kwenye friji, mafuta yataganda juu kesho yake. Yaondoe kwa kijiko, inayobaki ni supu safi ya kupikia mchicha au mtori.

5. Tengeneza sosi. Ponda nusu ya parachichi kwa uma hadi liwe laini. Changanya na mtindi uliochujwa, maji ya ndimu 1, punje ya kitunguu saumu iliyobaki ikiwa imesagwa, tangawizi kidogo iliyokunwa, pilipili manga na chumvi robo kijiko cha chai. Onja. Kama unaona imepooza, ongeza ndimu, halafu onja tena. Tulio wengi tukiona chakula kimepooza mkono unakwenda kwenye chumvi, kumbe ulimi ulikuwa unatafuta uchachu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, mkate na maharage vikiwemo. Nusu kijiko kikigawanywa kwa watu wanne kinakuachia nafasi.

Mafuta ya parachichi ni ya aina inayosaidia moyo, tofauti na yale yanayoganda ya nyama na siagi. Hatuhitaji kuongeza mafuta mengine, hata ya alizeti, hata ya zeituni.

6. Kata mboga. Tango lipasue kwa urefu, toa mbegu zake kwa kijiko, kata vipande. Usiruke kutoa mbegu: ndizo zinazojaza maji chini ya bakuli. Karoti ikune. Hoho na kitunguu vikate vidogo sana. Kama kitunguu ni kikali, kiloweke kwenye maji yenye ndimu dakika 10. Usikifikiche kwa chumvi kama tunavyofanya kwenye kachumbari, kwa kuwa sehemu ya chumvi hiyo hubaki hata ukisuuza.

7. Kata matunda na uyapime. Hapa twende polepole.

Tufaa lote la wastani likate vipande vidogo na ulirushie maji ya ndimu papo hapo lisiwe jeusi. Papai likate, jaza kikombe kimoja, usawazishe juu, simama hapo. Nusu ya parachichi iliyobaki ikate vipande. Hiyo haihesabiki kwenye sukari, kwani sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi.

Hesabu yake ni hii: tufaa la wastani lina kama gramu 25 za wanga, kikombe cha papai kama 15. Jumla 40, gawa kwa wanne, kila sahani inapata takriban gramu 10 kutoka kwenye matunda. Kwenye mafunzo ya kisukari, kipimo kimoja cha tunda huhesabiwa kuwa gramu 15. Uko ndani ya kipimo, na umebakiza.

Ukitaka kubadilisha matunda, fuata wanga ulio katika gramu 100 za kila tunda: stroberi na tikiti maji kama 8, papai 11, chungwa 12, nanasi 13, tufaa na pera 14, embe 15, zabibu mbichi 18, ndizi mbivu 23. Pera napenda kulitaja kwa sababu watu wanalidharau: katika zile 14, kama 5 ni nyuzinyuzi, na linagharimu kidogo. Toa mbegu, kata, tia. Msimu wa maembe ukifika usijinyime, tumia nusu kikombe badala ya kikombe kizima cha papai. Machungwa ya Muheza ni matamu sana kwenye saladi hii; menya hadi ile ngozi nyeupe, kata vipande, toa kokwa. Tikiti maji liache, linamwaga maji. Ndizi mbivu nayo iache kwa saladi hii: inalegea, inakuwa nyeusi, na ndizi moja ya wastani inabeba karibu gramu 27.

Zabibu kavu zimo kwenye mapishi mengi ya saladi ya kuku, na ndizo zinazowaangusha watu. Zikikaushwa, sukari inabaki yote na maji yanaondoka: gramu 100 zina karibu gramu 79 za wanga. Kiganja kimoja kinachoonekana kidogo kinaweza kuzidi matunda yote ya sahani yako. Matunda ya kopo yaliyolowekwa kwenye sharubati ya sukari yasiingie kabisa.

Balungi lina onyo lake peke yake. Linazuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini na atorvastatini za kushusha lehemu (kolesteroli), na nifedipini ya presha, hivyo dawa inazidi kwenye damu. Wenye kisukari wengi wanazo dawa hizo. Kama unameza mojawapo, weka chungwa mahali pa balungi.

8. Changanya kwa mpangilio. Kuku aliyepoa kwanza na sosi, mgeuze hadi kila uzi upate. Kisha tango, karoti, hoho, kitunguu. Kisha tufaa. Papai, vipande vya parachichi na giligilani viingie mwisho, dakika chache kabla ya kupakua, kwa kugeuza taratibu kutoka chini. Karanga zipondeponde na kuzinyunyiza juu ukiwa mezani, zibaki kavu na zilie kinywani. Kama kuna mgeni usiyemjua vizuri, uliza kwanza kama karanga zinamdhuru.

9. Pakua. Nusu ya sahani ijaze majani ya saladi au kabichi iliyokatwa nyembamba pamoja na mboga nyingine mbichi. Juu yake au pembeni weka robo ya mchanganyiko wako. Sehemu inayobaki ni ya wanga kwa wanaouhitaji, hasa wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari: kiazi kitamu kilichochemshwa cha ukubwa wa nusu ngumi, au ndizi mshare moja ya kuchemsha, au ugali wa dona kipande kidogo. Kumbuka kwamba matunda yaliyomo ndani ya saladi yameshachukua sehemu ya wanga wa mlo huo, kwa hiyo usishushie na soda wala juisi ya pesheni. Maji yanatosha, au chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Desemba, watu wakirudi nyumbani na meza ikajaa ndizi nyama, pilau na mbege, anza na sahani hii kabla hujafika kwenye sufuria nyingine. Tumbo likishapata mboga na kuku, mkono hupungua wenyewe kwenye wali.

10. Hifadhi. Kuku aliyechambuliwa peke yake hukaa kwenye friji siku 3. Sosi siku 2. Saladi iliyokwisha kuchanganywa iliwe siku hiyo hiyo. Nje ya friji isizidi saa 2, na kwenye joto kali la Moshi la Januari na Februari, mezani juani, isizidi saa 1. Kwenye sherehe toa bakuli dogo, lingine libaki kwenye friji, ubadilishe.

Pima uone mwili wako unasemaje

Mwenye mashine ya kupimia sukari apime kabla ya kula na saa 2 baada ya tonge la kwanza. Watu wazima wengi huelekezwa wabaki chini ya 10 (mmol/L) baada ya kula, ila lengo lako ni lile alilokupa daktari. Andika kwenye daftari tunda ulilotumia. Baada ya milo michache utajua kama embe linakupandisha kuliko papai, na hapo hutahitaji kuniuliza mimi wala jirani.

Ukipima ukakuta chini ya 4, au ukasikia zile dalili za kutetemeka, acha saladi. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini, rudia. Anayezimia au asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Yakitokea haya

Kuku amekauka. Moto ulikuwa mkali au alikaa sana. Mchane nyembamba zaidi, mwagie vijiko viwili vitatu vya supu yake iliyoondolewa mafuta, mwache robo saa kabla ya kutia sosi.

Maji yamejaa chini ya bakuli. Tango halikutolewa mbegu, majani hayakukaushwa, au chumvi ilinyunyizwa juu ya mboga mapema. Mimina maji, ongeza kijiko cha mtindi uliochujwa. Safari ijayo chumvi yote ipitie kwenye sosi.

Sosi imekuwa chungu na kuku amelegea ajabu. Ulichanganya nanasi au papai na mtindi ukaacha muda mrefu. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyovunja protini (ndiyo sababu watu hulainishia nyama ngumu kwa papai bichi), na kwenye maziwa huacha uchungu. Nanasi ni kali zaidi. Yatie mwisho kabisa, au yaweke pembeni kila mtu ajitilie, kwa kipimo.

Parachichi limekuwa jeusi. Ndimu ilichelewa. Ladha haijaharibika, ila kwa wageni fanya sosi siku hiyo hiyo na uifunike kwa nailoni iliyogusa uso wake.

Watoto wanasema haina utamu. Waongezee matunda kwenye sahani zao. Usitie asali kwenye bakuli la wote, kwa mwenye kisukari asali nayo ni sukari.

Sukari imepanda ingawa umefuata kila kitu. Kagua kwa mpangilio huu: mtindi ulikuwa na sukari? Kikombe kilikuwa cha mililita 250 kweli? Papai lilikuwa limeiva kupita kiasi? Ulikunywa nini? Ulirudia sahani? Kama majibu yote yako sawa na bado inapanda siku kwa siku, peleka daftari lako kliniki, huenda ni suala la dawa na chakula hakihusiki.

Umeme umekatika na saladi iko kwenye friji. Usifungue mlango. Friji lililofungwa hushika ubaridi kwa kama saa 4. Umeme ukirudi ndani ya muda huo, kula. Ukipita hapo, kuku na mtindi vitupe hata kama havinuki.